KUJIUNGANISHIA KOMPYUTA YA GEMU KWA BAJETI YA KATI: NUNUA HIKI, ACHA KILE

Najua wengine mnasoma hii mkiwa kafe na dakika zinakatika, kwa hiyo sitazunguka sana.

Kila wiki nakutana na swali lile lile: "Kaka, nina kiasi fulani, nataka kompyuta ya gemu, ninunue nini?" Nimejibu moja moja mpaka nimechoka, leo naweka yote mahali pamoja. Sizungumzii mashine za wakubwa zenye mabomba ya maji na taa kama disko. Nazungumzia mashine ya mtu wa kawaida, anayetaka kucheza gemu za sasa vizuri kwenye skrini ya kawaida, na asipigwe.

Maana kupigwa kupo jamani. Hii si simu ya kichina ya elfu themanini, kwamba ikifa unacheka na marafiki. Kwa vijana wengi hii ni hela ya kwanza kubwa kuishika mkononi, na ukikosea hapo inachukua mwaka mwingine kuipata tena.

HESABU KWANZA, DUKANI BAADAYE

Kabla ya kununua chochote piga hesabu hii. Tuseme mahali unapocheza unalipa shilingi 1,000 kwa saa, na mashine unayoitaka ni milioni 2. Hela hiyo ni sawa na saa 2,000 za kafe. Ukicheza saa 2 kila siku ni siku 1,000, yaani miaka mitatu kasoro. Kama unacheza Jumamosi tu, kusema kweli kafe bado ni rahisi kwako, tulia. Kama unacheza kila siku, au unataka pia kujifunza kuhariri video, kutengeneza biti au kuchora kwa Blender, basi mashine yako mwenyewe ina maana.

Hesabu ya pili ni ya LUKU, na hii ndiyo inayoleta ugomvi nyumbani. Mashine ya kati ikiwa kwenye gemu inakula kama wati 300 ukiweka na skrini. Saa 2 kwa siku ni uniti 0.6, kwa mwezi uniti 18. Kama nyumba yenu iko kwenye lile kundi la watumiaji wadogo wa TANESCO, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wewe peke yako utakula karibu robo nzima. Mkizidi hizo 75 mnaweza kuhamishiwa kundi la bei kubwa, na mama atajua tu nani kasababisha. Kwa hiyo ongea na wenye nyumba mapema, changia umeme, amani itatawala.

GAWA HELA HIVI

Kosa la wengi ni kununua kifaa kimoja cha sifa halafu vingine vinabaki makombo. Mimi milioni 2 ningeigawa hivi (hizi si bei za duka lolote, ni mgawanyo wa hela tu):

- Kadi ya grafiki: 700,000
- Prosesa na feni yake: 320,000
- RAM: 280,000
- Mazabodi: 260,000
- Pawa saplai: 180,000
- SSD: 160,000
- Kesi: 100,000

Ukiwa na pungufu au zaidi, tumia uwiano huo huo. Kadi ya grafiki inachukua thuluthi au zaidi, vingine vinafuata. Skrini, kibodi na kipanya sijaviweka, wengi wanaanza na vya kuazima au vya mtumba. Sasa tuviangalie kimoja kimoja.

1. SKRINI NDIYO INAYOAMUA

Watu wanaanza na prosesa. Mimi nakwambia anza na skrini, hata kama huinunui leo. Kwa nini? Kazi yote ya mashine ya gemu ni kuchora picha kwenye hiyo skrini, tena haraka haraka.

Skrini ya kawaida ya 1080p ina nukta 1920 kwa 1080, yaani nukta milioni 2 na kidogo. Ukitaka picha 60 kwa sekunde, kadi inachora nukta kama milioni 124 kila sekunde. Ukipanda hadi 1440p nukta zinakuwa karibu mara 1.8, na 4K ni mara 4 kamili. Ndiyo maana kadi inayopaa kwenye 1080p inatambaa kama kobe kwenye 4K. Kwa bajeti ya kati lenga 1080p, basi. Usione haya.

Halafu angalia herzi. Skrini ya 60Hz inaonyesha picha 60 kwa sekunde, hata kadi yako itoe 200. Kama unacheza gemu za kufyatua risasi kama Counter-Strike 2 au Valorant, skrini ya 144Hz utaiona tofauti yake. Kama wewe ni mtu wa mpira na GTA tu, 60Hz inatosha kabisa. Unayetumia TV ya sebuleni, ingia kwenye setingi uwashe hali ya gemu, bila hivyo unabonyeza shuti na mchezaji anapiga baadaye.

2. KADI YA GRAFIKI: HAPA NDIPO WATU WANALIA

Kadi ya grafiki ndiyo injini. Na ndipo ujanja mwingi ulipo, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Swali la kwanza la mnunuzi huwa "ina GB ngapi?" Muuzaji anajibu "GB 4", mtu anaridhika. GB za kadi ni ukubwa wa ghala tu, hazisemi mlango wa ghala ni mpana kiasi gani wala wafanyakazi ni wangapi. Mfano mzuri ni GT 1030 ya Nvidia. Ilitoka 2017 na kumbukumbu ya GDDR5 yenye kasi ya GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatoka nyingine, jina lile lile, GB 2 zile zile, lakini ndani ina DDR4 yenye kasi ya GB 16.8 tu kwa sekunde. Boksi zinafanana, gemu hazifanani hata kidogo. Sasa linganisha na RX 6600 ya AMD ya 2021: GB 224 kwa sekunde. Umeona tofauti?

Jifunze kusoma namba. Kwa Nvidia, namba za mwanzo ni kizazi na mbili za mwisho ni daraja. RTX 4060 ni kizazi cha 40, daraja la 60. GT 730 ni kizazi cha zamani (2014) na daraja la 30, yaani kadi ya ofisini ya kufungulia Excel. Daraja la 60 ndilo la mtu wa bajeti ya kati, miaka yote.

Kadi za kuzitafuta kwa 1080p:
- RX 6600 (2021), GB 8, inakula wati 132. Bado ni mtaji mzuri hasa ukiipata ya mkono wa pili ikiwa safi.
- RTX 3060 ya GB 12 (2021), wati 170. Nzuri kwa anayetaka na Blender pia.
- RTX 4060 (2023), GB 8, wati 115 tu. LUKU inaipenda.
- RX 7600 (2023), GB 8.
- Arc B580 ya Intel (mwisho wa 2024), GB 12. Hii usiipachike kwenye mazabodi ya kizamani, inahitaji kitu kinaitwa Resizable BAR kiwe kimewashwa, la sivyo inapoteza nguvu nyingi.
- Ukiwa na hela zaidi kidogo, RTX 5060 au RX 9060 XT, zote za 2025. Hiyo 9060 XT ipo ya GB 8 na ya GB 16, uliza ni ipi kabla hujatoa hela.

Ya kukaa nayo mbali: RX 6500 XT ya 2022. Ina GB 4 na njia 4 tu za kuongea na mazabodi, ukiiweka kwenye mazabodi ya PCIe 3.0 inazidi kudorora. Na RX 580 yenye maneno "2048SP": hiyo kiuhalisia ni RX 570 iliyovaa jina la kaka yake.

Halafu kuna kadi bandia kabisa. Wajanja wanachukua kadi ya zaidi ya miaka 10 iliyopita, wanaiandika upya ndani ili Windows iione kama GTX 1050 Ti. Ukiiwasha jina linatokea vizuri tu, ukifungua gemu inajifia. Dawa yake ni programu ndogo ya bure inaitwa GPU-Z. Iweke kwenye flashi, nenda nayo dukani, fungua kadi ikiwa kwenye mashine. Kadi nyingi za kuchakachua za Nvidia inazitambua na kuziandika kuwa ni feki. Dalili nyingine: Nvidia waliondoa mfumo wa zamani wa analojia kwenye kizazi cha GTX 10, kwa hiyo ukiona 1050 Ti ina lile tundu la bluu la VGA, uwe na shaka.

Vipi kuhusu zilizochimbia sarafu? Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha mfumo wa kuchimba kwa kadi, na kadi nyingi sana zikaingia sokoni. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Kinachochoka zaidi ni feni na ile pasta ya kupooza. Ipime: endesha FurMark dakika 15, angalia joto, sikiliza feni, tazama kama kuna vinukta au mistari ya ajabu kwenye skrini. Muuzaji akikataa usipime, umeshapata jibu lako.

3. PROSESA: "i7 NI i7" SI JIBU

Niwape mfano wa mtaani kwetu. Kuna dogo mmoja alikuja na profoma ya duka, kakusanya hela mwaka na zaidi kwa kuosha magari. Imeandikwa: Core i7, RAM GB 16, kadi ya GB 4, SSD 500, pawa saplai wati 600, kesi ya taa. Bei milioni 1 na laki 8. Dogo kashafurahi, kesho yake anaenda kulipa.

Nikamwambia rudi uulize namba kamili za kila kifaa. Muuzaji akamjibu "i7 ni i7 bwana mdogo, wenzako wananunua bila maswali mengi". Dogo akakomaa mpaka akaonyeshwa mashine yenyewe. Prosesa ni i7-3770, ya 2012. Kadi ni GT 730. Pawa saplai tutaifikia. Yaani hela ya mwaka mzima ya kusugua magari ya watu ilikuwa inakwenda kununua kompyuta ya ofisi iliyofungwa taa.

Sasa ujue hivi. i3, i5, i7 ni madaraja ndani ya kizazi kimoja tu. Ni kama kidato: wa kwanza darasani wa mwaka 2012 humlinganishi na wa mwaka 2022 kwa jina la nafasi peke yake. i7-3770 ina kori 4 na nyuzi 8. i3-12100 ya 2022 nayo ina kori 4 na nyuzi 8, na inaiacha mbali hiyo i7. Namba zinazofuata baada ya kistari ndizo zinazosema kizazi: 3770 ni kizazi cha 3, 12100 ni kizazi cha 12.

Kwa bajeti yetu chagua kati ya hizi:
- Ryzen 5 5600 (2022), kori 6, nyuzi 12, soketi ya AM4. Inakuja na feni yake kwenye boksi, hela ya feni imeokoka.
- Core i5-12400F (2022), kori 6, nyuzi 12, soketi ya LGA1700.
- Ryzen 5 7600 (2023), kori 6, soketi mpya ya AM5. Hii inataka RAM ya DDR5 peke yake, kwa hiyo ghali kidogo, ila ina nafasi ya kupanda baadaye.

Angalia herufi ya mwisho. F kwa Intel ina maana prosesa haina grafiki ya ndani: bila kadi skrini inabaki nyeusi. Ryzen 5 5600 nayo haina. Kama unataka kuanza bila kadi, ukusanye hela taratibu, chukua yenye G kama Ryzen 5 5600G. Utacheza gemu nyepesi kwa sasa. Ila jua ina kumbukumbu ya ndani MB 16 wakati 5600 ya kawaida ina MB 32, kwa hiyo siku ukiweka kadi haitakuwa sawa na ndugu yake.

Na kwa nini umri wa prosesa una maana kubwa siku hizi? Oktoba 14, 2025 Microsoft walimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 kwenda mbele au Ryzen 2000 kwenda mbele, pamoja na kitu cha usalama kinaitwa TPM 2.0. Mafundi wana njia za kulazimisha, sawa, lakini gemu zenyewe sasa zinakagua: Valorant ukiwa kwenye Windows 11, Battlefield 6 na Call of Duty: Black Ops 7 za 2025 zinataka ulinzi huo uwe umewashwa. Ile i7 ya dogo haimo kwenye orodha. Angelipia mlango uliofungwa.

4. MAZABODI: ISIKUPE PRESHA

Hapa usimwage hela. Mazabodi ghali haiongezi fremu kwenye gemu. Inachotakiwa ni kulingana: Ryzen 5 5600 inakaa kwenye AM4, tafuta B550. i5-12400F inakaa kwenye LGA1700, tafuta B660 au B760, na uangalie ni ya DDR4 au DDR5, maana zipo zote mbili na kijiti cha moja hakiingii kwenye nyingine.

Ukiuziwa B450 ya zamani kwa Ryzen 5 5600 uliza kama BIOS imeshasasishwa. Isiposasishwa mashine haiwaki, na utadhani umeuziwa prosesa mbovu. Mwambie muuzaji asasishe mbele yako. Pia angalia matundu ya RAM, manne ni bora kuliko mawili, na ukague pini zote kwa tochi ya simu. Pini moja iliyopinda ni kesi ya wiki nzima.

5. RAM: VIJITI VIWILI, SI KIMOJA

GB 16 ndiyo kiwango. Lakini chukua vijiti viwili vya GB 8, usichukue kimoja cha 16. Sababu: kijiti kimoja cha DDR4-3200 kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde, viwili vikifanya kazi pamoja GB 51.2. Ni sawa na barabara ya njia moja na ya njia mbili pale Mwenge saa 12 jioni. Wenye prosesa za G ndio wataona tofauti zaidi, maana grafiki yao inakula RAM hiyo hiyo.

Ukishafunga, ingia BIOS uwashe XMP. Bila hivyo RAM uliyoilipia ya 3200 mara nyingi inatembea taratibu kwa 2133 au 2400 na wewe hujui. Hiyo ni nguvu ya bure, dakika mbili tu.

Kuhusu bei: mwisho wa 2025 bei za RAM zilipanda vibaya dunia nzima kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye kumbukumbu za seva za akili bandia. Desemba 2025 Micron wakatangaza hata kuachana na biashara yao ya Crucial kwa wateja wa kawaida. Kwa hiyo usitumie bei uliyoiona kwenye video ya YouTube ya 2024, utagombana na muuzaji bure. Vijiti vya mkono wa pili vya DDR4 havina shida kubwa, vipime tu na MemTest86.

6. SSD

Fupi tu. SSD ya aina ya M.2 NVMe inapachikwa moja kwa moja kwenye mazabodi, haina waya. Ile ya SATA inaishia kama MB 550 kwa sekunde, bado ni nzuri mara nyingi zaidi ya diski ya kuzunguka. GB 500 inatosha kuanzia lakini jua gemu kubwa moja inaweza kupita GB 100, kwa hiyo zitaingia tatu nne hivi. Ukiweza TB 1, weka. Ukiona SSD ya TB 2 kwa bei ya chipsi kuku, ni feki: inajiandika TB 2, ukiijaza inakula mafaili yako. H2testw itakuonyesha ukweli.

7. PAWA SAPLAI: KIFAA KINACHODHARAULIWA, KINACHOUA

Turudi kwenye ile "wati 600" ya dogo. Tulisoma kibandiko chake ubavuni. Kwenye mstari wa +12V iliandikwa ampea 18. Zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Prosesa na kadi zote zinakula kwenye huo mstari wa 12V. Hizo 600 zilikuwa za kwenye stika tu.

Pawa saplai nzuri ya wati 550 utaikuta ina kama ampea 45 kwenye +12V, yaani wati 540. Sasa piga hesabu ya mashine yetu: RX 6600 wati 132, Ryzen 5 5600 kama 76, vingine vyote weka 50. Jumla wati 258. Kwa hiyo 550 ya kweli inatosha na inabaki, tena haipati joto. Tafuta yenye nembo ya 80 PLUS na jina la kampuni unaloweza kulikuta mtandaoni na kulisoma. Na iinue: ya ukweli huwa nzito, za kubabaisha ni nyepesi kama boksi tupu.

Zile za bei poa zina swichi nyekundu nyuma imeandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka ikiwa kwenye 115 utasikia "paa!" na moshi. Angalia kabla ya kuwasha, kila mara.

Na tukubaliane, umeme wetu unakatika na ukirudi unarudi kwa fujo. Weka hela ya UPS au angalau stebilaiza. UPS ya VA 650 mara nyingi ni wati 360 hadi 390 tu, na si ya kuchezea gizani. Kazi yake ni kukupa dakika chache uhifadhi, uzime kistaarabu. Pawa saplai mbovu ikifa haifi peke yake, inaweza kuondoka na kadi ya laki saba.

8. KESI NA JOTO LETU

Usilipie taa, lipia hewa. Tafuta kesi yenye wavu mbele, si kioo kitupu. Feni za mbele ziingize, ya nyuma itoe. Dar, Tanga, Mombasa chumba kinaweza kuwa nyuzi 30 na zaidi kabla hujawasha chochote, na vumbi halilali. Safisha kwa blowa au brashi laini kila mwezi, huku umezuia feni kwa kidole zisizunguke. Usiiweke sakafuni wala ndani ya kabati.

9. KAMA HELA HAIFIKI HUKO

Ipo njia ya wenye nusu ya bajeti. Chukua kompyuta ya ofisi ya mtumba, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ya kizazi cha 8 kwenda mbele, umbo kubwa la mnara. Ongeza RAM na SSD, halafu kadi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Tundu la kadi kwenye mazabodi linatoa hadi wati 75, kwa hiyo GTX 1650 isiyo na tundu la waya (GB 4, 2019) au RTX 3050 ya GB 6 (2024, wati 70) zinaingia. Tahadhari: nyingi za hizi zina pawa saplai na plagi za kampuni yenyewe, huwezi kubadilisha kienyeji. Na zile nyembamba zinakubali kadi fupi za kimo cha chini tu. Pima kwa rula kabla.

10. DUKANI: SHERIA ZA KUJILINDA

Iwe Kariakoo, iwe Luthuli Avenue kwa ndugu zetu wa Nairobi, mambo ni yale yale.

- Usiende na winga. Asilimia yake inatoka mfukoni mwako. Ingia mwenyewe, uliza maduka matatu, usinunue siku ya kwanza.
- Taka namba kamili za modeli kwenye profoma. "Core i7" na "kadi GB 4" si namba.
- Chukua risiti ya EFD yenye namba za siri za vifaa. Waranti ya mdomo ni hadithi ya sungura na fisi.
- Pima hapo hapo: GPU-Z, FurMark, na CPU-Z ya kuona prosesa na RAM.
- Ukiagiza nje, jumlisha usafiri na kodi ndipo ulinganishe. Na jiulize ikifika mbovu utairudisha kwa nani.

Kufunga kwenyewe si uchawi. Shika chuma cha kesi kwanza kutoa umeme wa mwilini. Prosesa inakaa yenyewe, usiilazimishe. Pasta ya ukubwa wa punje ya mchele au dengu. RAM mpaka isikike "tik". Na mwisho kabisa, waya wa skrini uchomeke kwenye KADI, si kwenye mazabodi. Mara ngapi nimeitwa kwa mtu anayelalamika gemu linakwama, kumbe waya uko juu unatumia grafiki ya ndani na kadi imelala bure!

Jambo la mwisho: kama unacheza mtandaoni na wachezaji wanarukaruka, hilo ni intaneti, si kadi. Usinunue kadi mpya kutibu bando.

Kwa kifupi basi: 1080p, Ryzen 5 5600 au i5-12400F, RAM 8 mara 2, kadi ya daraja la 60 au RX 6600, pawa saplai ya ukweli ya 550. Dogo wa profoma alifunga karibu hivyo hivyo, kadi akachukua ya mkono wa pili baada ya kuipima nusu saa huku muuzaji kanuna. Sasa hivi anacheza usiku, mchana anahariri video za harusi za watu, na tayari wamemlipa mara mbili.

Mwenye profoma yake aiweke hapo chini kwenye maoni tuipitie wote, na mafundi mliomo humu msinyamaze, sahihisheni na kuongeza. Ila tafadhali, namba kamili. Ukiandika "i7" tupu nakurudisha dukani.

Nawasilisha.